Barua ya wazi kwa wanaosimamia ulinzi wa Lamu: tuandikieni mipaka ya bahari

Kwa Waziri wa Ulinzi, Kamanda wa Jeshi la Wanamaji la Kenya, Mkuu wa Walinzi wa Pwani, Kamishna wa Kaunti ya Lamu na Gavana wetu. Nakala kwa wabunge wa Lamu Mashariki na Lamu Magharibi.

Waheshimiwa,

Nitaanza na nisichokiomba, kwa sababu barua yoyote ya raia inayotaja kambi ya jeshi hupokewa kwa swali moja: huyu anataka tuondoke? La. Simjui mtu kati ya Mokowe na Kiunga anayetaka jeshi lifunge virago. Tunakumbuka mwaka 2011, wageni walipotekwa Kiwayu na kisha Manda ndani ya majuma machache, hoteli zikafunga milango na vijana waliokuwa wakiwatembeza watalii kwa mashua wakarudi kukaa barazani. Tunakumbuka Juni 2014, mauaji ya Mpeketoni, na mazishi yaliyofuata. Tunakumbuka alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020, uwanja wa ndege wa kambi ya Magogoni uliposhambuliwa na al-Shabaab, Wamarekani watatu wakauawa na ndege zikateketea. Askari wetu wenyewe wameliwa na mabomu ya kutegwa katika barabara za huku. Baadhi yao walikuwa wapangaji wetu, wateja wetu, na waume wa dada zetu.

Kwa hiyo hatuna ugomvi na kuwepo kwenu. Ninachoomba ni karatasi. Maji tunayoruhusiwa kuvua na kupita, maji tusiyoruhusiwa, saa zake, na namba ya kupiga usiku kukiwa na dharura: haya yaandikwe, yatiwe sahihi na ofisi wala si na mtu, yabandikwe kila bandari ya Lamu. Basi. Mengine yote nitakayosema humu yanazunguka hapo.

Kwa msomaji asiye wa kwetu, kambi ya wanamaji iko Magogoni, upande wa bara, imeikabili Ghuba ya Manda. Katika ghuba hiyohiyo, upande wa Kililana, ndiko ilikojengwa bandari mpya ya Lamu. Na ghuba hiyohiyo ndiyo barabara yetu. Anayetoka Faza, Kizingitini, Siyu au Mtangawanda kwenda Mokowe au Amu, yaani mji wa Lamu, hupita humo, kisha akaingia Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara. Mgonjwa hupita hapo, mwanafunzi anayerudi shule hupita hapo, maiti anayerudishwa kwao kuzikwa hupita hapo, pamoja na magunia ya unga na mbuzi wa Idi. Njia ya pili ipo, ya kuzunguka nje ya miamba, lakini hiyo ni bahari kuu na haifai miezi yote.

Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana nadhani ndipo wakubwa wengi wanaopanga mambo kutoka Nairobi wanapopotea. Wakati wa kaskazi, tuseme Desemba mpaka Machi, bahari hutulia na mvuvi wa Kizingitini huweza kutoka nje ya miamba akatafuta nguru, jodari na kamba. Kusi ikishika, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, mawimbi ya nje hayachezewi na mashua ndogo. Wenye vyombo vikubwa huthubutu. Wengine wote hurudi ndani: kwenye ghuba, kwenye vijito vya mikoko, kwenye mapito kati ya visiwa. Kwa karibu nusu mwaka, maji ya ndani ndiyo bahari yote tuliyo nayo. Na maji ya ndani ndiyo yaliyo mbele ya kambi, ndiyo yaliyo mbele ya bandari, ndiyo yanayopigwa doria. Ofisa akisimama mwezi wa Februari akasema “hapa msivue”, huenda akadhani ametuondolea kipande kidogo tu. Ifikapo Juni kipande hicho ni riziki ya vijiji vitatu vinne.

Usiku nao una hesabu yake. Mwenye jarife, ule wavu wa kutega, hulitega jua likizama na kulivuta alfajiri, kwa sababu mchana samaki huliona na kulikwepa. Mwenye taa hana kazi kabisa mchana. Mwenye malema, yaani mitego ya samaki, na mwenye mshipi wanaweza kujikaza na saa za jua. Basi mkisema “vueni mchana tu”, kwa baadhi yetu mmepunguza kazi, na kwa wengine mmeifuta. Baada ya utekaji wa 2011 uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku huku kwetu, na marufuku hiyo ikakaa miaka. Baadaye ililegezwa. Nasema ililegezwa, sithubutu kusema iliondolewa, kwa sababu mpaka leo mvuvi akiuliza kama usiku umeruhusiwa, jibu hutegemea amemuuliza nani, amemkuta wapi, na yule aliyeulizwa ameamkaje.

Na huko baharini wenye sare ni wengi. Kuna wanamaji. Kuna Walinzi wa Pwani, kikosi kilichozinduliwa mwaka 2018. Kuna polisi wa baharini. Kuna askari wa wanyamapori kwa ajili ya hifadhi ya bahari ya Kiunga, ambayo imekuwepo tangu 1979. Kuna maofisa wa uvuvi, na walinzi wa bandari. Kila mmoja ana sababu yake na sheria yake, na usiku wa giza taa zao zote zinafanana. Nahodha anayemulikwa usoni hawezi kujua anaulizwa leseni ya uvuvi, kitambulisho, au maboya ya kujiokolea. Hutoa vyote, akanyamaza, akangoja aambiwe kosa lake ni lipi.

Sasa nifike kwenye kiini. Mwanajeshi huhamishwa. Ndiyo kazi yake na hatumlaumu. Anakuja kamanda mwelewa, anakaa na wazee wa BMU, ile kamati ya wavuvi inayosimamia kila bandari ya samaki, kahawa inapita, watu wanaelewana: mpaka mwamba fulani mnavua, kuvuka hapo hapana, mkiwa na mgonjwa usiku pigeni simu hii. Mambo yanakwenda vizuri, hata watoto wanamjua kwa jina. Kisha anapata uhamisho, na mapatano yanapanda naye ndege. Anayekuja baada yake hana habari. Hakuachiwa faili, ameachiwa funguo. Wavuvi wanaendelea kuvua pale walipoambiwa wavue, na siku ya kwanza wanakamatwa. Wakijitetea kwamba waliruhusiwa, wanaonekana waongo, maana hawana cha kuonyesha.

Nimeliona hilo kwa macho yangu. Niliwahi kuwa ndani ya boti iliyokuwa ikimpeleka mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa kutoka kisiwani kwenda Amu, usiku, baada ya wakunga kusema mtoto amekaa vibaya. Maji yalikuwa yanapwa, ikabidi wanaume wamtie kwenye kiti cha plastiki na kumpitisha matopeni mpaka botini. Nahodha alikuwa amefanya kila alichotakiwa kufanya. Alipiga simu kwenye ile namba iliyoachwa na ofisa mmoja, haikushikwa, akapiga tena, akatuma ujumbe: jina la boti, idadi ya watu, mgonjwa yuko wapi, saa ya kuondoka. Akawasha taa nyeupe mbele, kama walivyoagizwa. Tulipofika katikati ya ghuba tukamulikwa. Sitataja ilikuwa doria ya idara gani, na kwa kweli usiku ule hatukujua.

“Zima mashini! Mikono juu, nyote!”

Nahodha akazima, akainua mikono. Mashini ikizimwa chombo hakina breki, kinachukuliwa na maji, na sisi tulikuwa tunasukumwa upande wa mikoko. Mama wa yule mwanamke alikuwa amemshika mwanawe mabega, akawa hajui aachilie mikono aiinue au aendelee kumshika. Aliinua mmoja. Vitambulisho vikakusanywa, vimelowa, vikapigwa tochi kimoja kimoja.

“Afande, tuna mgonjwa. Tumepiga simu kabla ya kuondoka.”

“Mmempigia nani?”

Nahodha akataja jina. Pakawa kimya kidogo upande wa pili.

“Huyo alihamishwa mwezi uliopita.”

Yule askari hakuwa mtu mbaya. Alipomwona mwanamke alishtuka, akatuombea njia kwa redio, na alitusindikiza hadi karibu na Mkanda. Alisema waziwazi kwamba hakuna aliyemwambia kuhusu mpango wowote wa wagonjwa. Mtoto alizaliwa salama, alhamdulillahi, kwa hiyo tukio hili halimo katika ripoti yoyote. Lakini muda tuliopoteza pale, mwaka mwingine na mgonjwa mwingine, unatosha kabisa kuua. Mkitaka kujua kwa nini mvuvi na mwanajeshi wanatazamana kwa macho makavu huku, msitafute siasa wala itikadi. Tafuteni namba ya simu iliyohamishwa na mwenyewe.

Najua nitajibiwa kwamba mambo ya ulinzi hayaandikwi hadharani. Hebu tulitazame hilo bila jazba. Hatuulizi kambi ina askari wangapi, wana silaha gani, wala doria inatoka saa ngapi. Tunauliza mstari wa bahari ambao sisi tukiuvuka tunakamatwa. Mstari huo hauwezi kuwa siri kwa anayetakiwa kuutii. Sheria ya Maeneo Yaliyolindwa, Sura ya 204, yenyewe inamtaka waziri atangaze eneo kwa amri. Haisemi eneo litangazwe kwa tochi. Katiba ya 2010 kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 47 kinasema mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa serikali apewe sababu kwa maandishi. Kwa hiyo mvuvi aliyenyang'anywa nyavu ana haki ya kurudi nyumbani na karatasi inayosema nyavu ngapi, kwa kosa gani, zimewekwa wapi, na anazifuata kwa nani. Huku kwetu hurudi na hadithi.

Na kifungu cha 238, kile kinachoeleza misingi ya usalama wa taifa, kinasema usalama huo ufuatwe kwa kuheshimu sheria na haki za watu, na kwamba vyombo vya usalama viheshimu tamaduni mbalimbali za jamii za Kenya. Nakipenda kifungu hicho. Ningependa kukiona kimebandikwa ukutani pale zamu zinapobadilishana.

Kuhusu adui kufaidika na ramani: adui hahitaji boya kujua kambi iko wapi. Mwaka 2020 alifika bila kutuuliza.

Upande wa bandari kuna funzo ambalo ningeomba mlitazame. Mradi wa LAPSSET, ule wa bandari ya Lamu na njia za kuiunganisha na Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa tarehe 2 Machi 2012, na gati la kwanza likafunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Katikati yake wavuvi walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Habari za malipo hayo ni ndefu na chungu na sizifungui hapa. Ninalolitaka ni moja tu: shauri lile liliwezekana kwa sababu mradi ulikuwa na michoro. Palijulikana patachimbwa wapi, kina gani, mwamba gani utaondoka. Mtu aliweza kuinuka na kusema, hapa palikuwa pangu. Katazo la mdomo halina mchoro. Linaweza kukuondoa kwenye maji ya babu yako na usiwe na cha kupeleka kwa wakili, kwa diwani, wala kwa mwanao atakapokuuliza kwa nini tuliacha kuvua pale.

Nimesema sana juu ya bahari kwa sababu mimi ni wa visiwani. Lakini ng'ambo ya bara wako jirani zetu Waaweer, ambao wengine huwaita Waboni, na wao mambo haya yamewapata vibaya kuliko sisi. Watu wa Basuba, Mangai, Milimani, Mararani na Kiangwe waliishi kwa msitu: asali, matunda, mizizi, na uwindaji mpaka ulipopigwa marufuku nchi nzima mwaka 1977. Wakabaki na asali. Mwaka 2015 operesheni ya Linda Boni, ya kuwasaka al-Shabaab katika msitu wa Boni, ilipoanza, msitu ukawa uwanja wa vita na wao wakaambiwa wakae nje ya msitu. Mrina asali aliyezuiwa kuingia msituni hana kazi nyingine ya kuhamia. Shule zao zilikuwa zimekwisha kufungwa kwa sababu walimu walikimbia mashambulizi, na zilikaa hivyo kwa miaka. Kwao pia amri zilikuja kwa mdomo, na kwao pia kila kikosi kipya kilikuwa na maelezo mapya: hapa mnapita, hapa hampiti, mpaka lini hakuna ajuaye. Vivyo hivyo kwa wafugaji wa Kiorma wanaotafuta maji na malisho, na wakulima wa Hindi ambao mashamba yao yamepakana na msitu. Kila jamii inakutana na kambi kwa mlango wake. Wote wanakuta mlango hauna maandishi.

Wazee wa Kibajuni huyasikia haya na kutikisa kichwa, kwa sababu wanajua vita vya Shifta vya miaka ya 1960, vya waliotaka kaskazini mwa Kenya kujiunga na Somalia, viliwafanyia nini. Vijiji kadhaa vya bara kaskazini vilihamwa watu wakitafuta usalama visiwani, wakiamini watarudi mambo yakitulia. Vingine mpaka leo ni magofu na misikiti isiyo na waumini. Kwa hiyo tunapoambiwa “ni kwa muda tu, kwa sababu za usalama”, kuna watu wazima hapa ambao wamelisikia hilo tangu wakiwa wamebebwa mgongoni. Msiwaone wakaidi wakiuliza muda huo una tarehe.

Kuna jambo la ajira, nalo nitalisema kwa ufupi ingawa linauma. Kifungu kilekile cha 238 kinasema vyombo vya usalama viajiri kwa kuakisi jamii zote za nchi kwa uwiano wa haki. Kwa askari wa kawaida, anayetaka kuandikishwa jeshini hutakiwa awe na angalau alama ya D katika mtihani wa kidato cha nne. Mtoto wa Kiangwe ambaye shule yake ilifungwa kwa ukosefu wa usalama anashindwa kufikisha alama ya kujiunga na jeshi linalomlinda. Na mtoto wa Kizingitini, anayejua kusoma mkondo wa maji kwa kutazama rangi yake, anayeweza kuingiza chombo katika kijito cha Siyu gizani bila kugusa tope, hilo halihesabiki popote kwenye fomu. Siombi mtu apendelewe. Naona tu kwamba jeshi la wanamaji linalofanya kazi katika maji magumu kama haya lingefaidika kuwa na watu wachache waliokulia ndani yake. Kama cheti ni kikwazo, kuna madarasa ya jioni, na jeshi limewahi kusaidia masomo huku. Ilifika mahali wanajeshi wenyewe walishika chaki vijijini kwa Waaweer wakati walimu hawapo, na watu hawajalisahau hilo.

Suala la ardhi silileti. Lina faili zake na mahakama zake.

Sasa karatasi yenyewe iweje? Nimeongea na manahodha, na wachuuzi wa samaki, na akina mama wanaosafiri na watoto kwenda kliniki, na maoni yao yanakaribiana sana. Mipaka iandikwe kwa Kiswahili, kwa majina ya mahali tunayoyatumia, yaani ras, miamba na vijito, pamoja na vipimo vya GPS kwa wenye simu. Nambari peke yake hazimsaidii mzee ambaye ramani yake iko kichwani. Pale ambapo hapana alama ya asili, liwekwe boya lenye taa, na boya likikatika litengenezwe kabla ya mtu kukamatwa kwa kulivuka. Miezi ya kusi ihesabiwe tofauti na miezi ya kaskazi: kama kuna maji ya ndani yanayoweza kufunguliwa Aprili mpaka Septemba bila kuhatarisha kambi, hata kama ni kwa vyombo vilivyoandikishwa BMU tu, na hata kama ni kwa saa maalumu, yafunguliwe. Hatutarajii kupata yote. Tunatarajia kujua tumekosa nini.

Namba ya dharura iwe ya chumba, si ya mfuko wa mtu. Iwe na anayeishika saa zote, awe wa idara yoyote mtakayokubaliana, na idara nyingine zote ziwe zinaijua. Mgonjwa akiondoka Faza au Kiunga, ujumbe mmoja utoshe: doria zote zijue kuna boti fulani, yenye taa fulani, inakuja. Wenzetu wa redio mnajua kwamba hili si kazi ya bajeti. Ni kazi ya idara tano sita kukaa meza moja na kukubali nani anashika simu.

Na makamanda wanapokabidhiana, mapatano na raia yawe sehemu ya makabidhiano. Kamanda mpya akifika, ndani ya mwezi wake wa kwanza akutane na wenyeviti wa BMU akiwa na nakala ileile mkononi. Akiona kipengele hakifai, ana haki ya kukibadilisha, lakini akibadilishe mbele ya watu, kwa maandishi, na kwa siku za kutosha habari kufika mpaka Ndau na Kiwayu, ambako simu hushika pale inapotaka.

Kuna faida yenu ndani ya haya ambayo nadhani haijasemwa wazi. Mvuvi yuko baharini usiku na ana macho. Huona chombo kigeni kinachopita bila taa, huona moto kwenye kisiwa kisicho na watu, hujua mashini ipi si ya huku kwa mlio wake. Lakini akitaka kuripoti alichokiona saa nane za usiku, swali la kwanza atakaloulizwa ni alikuwa akitafuta nini baharini saa nane za usiku. Kwa kuwa hajui kama kuwepo kwake pale kulikuwa halali, ananyamaza. Mpeni uhakika kwamba pale alipokuwa aliruhusiwa kuwepo, na atasema. Siahidi kwa niaba ya kila mtu. Nasema jinsi ninavyowajua watu wangu.

Kidogo kingine, na hiki ni changu mwenyewe: samaki wa jikoni kambini wanunuliwe kwa wavuvi wa hapa, kwa zamu za BMU, kwa bei ya bandarini. Askari anayemjua kwa jina mtu anayemuuzia changu na tafi ataitambua mashua yake hata usiku.

Ninapendekeza kikao cha kwanza kifanyike kabla ya Aprili, maana kusi ikianza kuvuma kila mtu atakuwa ndani ya ghuba na kila mjadala utakuwa wa hasira. Kisifanyike kambini. Kuingia kambini kuna ukaguzi wa getini, na nusu ya wazee tunaowataka watageukia hapo. Kifanyike Mokowe siku moja na Faza siku nyingine, mchana, maji yakiwa yamejaa ili watu wa Siyu waweze kutoka na kurudi. Waitwe manahodha, wenyeviti wa BMU, wauguzi wa zahanati za visiwani, akina mama wachuuzi, na wawakilishi wa Waaweer wapewe usafiri wa kufika, kwa sababu wao ndio walio mbali kuliko wote na ndio huachwa kila mara. Upande wenu waje wale wenye mamlaka ya kutia sahihi. Tumekwisha kukaa na wengi waliotusikiliza vizuri kisha wakatuambia watapeleka maoni yetu juu.

Muhtasari uandikwe palepale, usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, na kila bandari iondoke na nakala. Pale tutakaposhindwa kukubaliana, liandikwe kwamba hatukukubaliana, sababu ya kila upande, na tarehe ya kulirudia.

Wasalaam,

Mkazi wa kisiwa cha Pate, Lamu Mashariki